Barafu ya Machi si barafu ya Januari



Wahenga wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Walisema hivyo kwa sababu katika nchi zetu jambo kubwa la mwaka ni mvua: itakuja lini, itakuwa nyingi au haba, na jembe lishikwe siku gani. Leo nataka tuzungumze juu ya mahali ambapo jambo kubwa la mwaka si mvua bali ni barafu. Huko watu hawatazami mawingu ili kujua kwamba majira yanageuka. Hutazama paa la nyumba, shina la mti, ndege wa kwanza na rangi ya ziwa. Na mtu akizisoma vibaya dalili hizo, hasara yake si mahindi kunyauka shambani. Hasara yake yaweza kuwa roho yake.

Nazungumzia mji wa Madison, katika jimbo la Wisconsin, kaskazini ya kati ya Marekani. Sehemu ya kale ya mji huo imejengwa juu ya kipande chembamba cha ardhi kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Mendota ndilo kubwa. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 40, na kina chake hufikia mita 25 hivi. Ukililinganisha na Ziwa Victoria, ambalo lina zaidi ya kilomita za mraba 68,000, Mendota ni kidimbwi tu. Hata hivyo, kidimbwi hicho hufanya jambo ambalo Victoria haliwezi. Majira ya baridi yakifika, huacha kuwa maji na kuwa uwanja. Watu hutembea juu yake, watoto huteleza na kucheza, na wavuvi hujenga vibanda vyao katikati ya ziwa, wakatoboa matundu kwa kekee na kuvua samaki wakiwa wameketi kwenye viti.

Miaka michache iliyopita nilikwenda huko kwa mafunzo mafupi ya utangazaji, nikakaa tangu katikati ya Januari hadi katikati ya Aprili. Nilipangiwa kuishi kwa mama mmoja mjane, mwalimu mstaafu, ambaye nyumba yake iko hatua kama hamsini kutoka ukingoni mwa Mendota. Sisi tuliotoka Afrika ya Mashariki tulimwita Bibi, naye jina hilo alilipenda. Nasema sisi kwa sababu alikuwapo kijana mmoja wa Tanga aliyekuwa akisoma shahada ya pili katika chuo kikuu cha mji huo, ambacho kimefundisha Kiswahili kwa miaka mingi. Kijana huyo alikuwa akija kwa Bibi kila Jumapili kula chakula cha mchana. Nitarudi kwake baadaye, kwa maana yeye ndiye aliyenifanya niyafikirie mambo haya kwa makini.

Kwanza, ndugu wasikilizaji, tuelewe ziwa linavyoganda. Vitu vingi kadiri vinavyopoa ndivyo vinavyozidi kuwa vizito. Maji hufuata kanuni hiyo mpaka yafikie nyuzi 4 tu. Chini ya hapo hugeuza tabia, huanza kuwa mepesi tena, na yakiganda huelea. Kwa hiyo barafu huanzia juu, ikawa kama kifuniko cha sufuria, na chini yake maji hubaki kuwa maji. Samaki huishi humo majira yote ya baridi. Hata siku ambayo gari linapita juu ya ziwa, chini ya magurudumu yake kuna kina cha maji baridi kabisa yanayosubiri. Jambo hilo ni rahisi kulisahau unapoona watoto wakicheza mpira juu yake.

Sasa tuje kwenye dalili za kuyeyuka. Mtu wa kwetu anaweza kudhani kwamba baridi huisha kama umeme unavyorudi, ghafla taa zikawaka. La hasha. Baridi ya kaskazini huondoka kama mgeni asiyetaka kwenda. Huaga, hurudi ndani kuketi, halafu huaga tena. Mwezi Februari unaweza kupata siku tatu za jua, kisha usiku wa nne theluji ikaanguka hadi magotini. Ndiyo sababu wenyeji hawaitegemei dalili moja. Huzikusanya.

Dalili ya kwanza niliyofundishwa na Bibi ilikuwa ya kusikia, si ya kuona. Ilikuwa sauti ya tone. Kwa wiki nyingi nyumba ilikuwa kimya, theluji imeziba kila sauti. Halafu siku moja, mnamo saa sita mchana, nikasikia upande wa kusini wa paa: to, to, to. Hewa bado ilikuwa chini ya sifuri, lakini jua lilikuwa limeipasha moto ile sehemu ya paa inayolielekea. Maji yalitiririka hadi ukingo wa paa, yakakutana na baridi, yakaganda tena. Jioni hiyo vilining'inia vijiti vya barafu virefu kama mkuki. Bibi aliniambia nisipite chini yake, kwa maana vikidondoka vinaweza kumpasua mtu kichwa.

Dalili hiyo ya kwanza ni habari ya jua, wala si ya joto. Sisi tunaoishi karibu na Ikweta tuna saa kumi na mbili za mchana na kumi na mbili za usiku mwaka mzima. Madison mwezi Desemba mchana una saa 9 tu. Kufikia siku ya 20 Machi hivi, mchana na usiku hulingana. Jua hupanda juu zaidi kila siku, na nguvu yake huonekana kwenye vitu vyeusi kabla haijaonekana kwenye kipimajoto.

Hapo ndipo inapokuja dalili ya pili, nayo iko kwenye miti. Shina la mti ni jeusi, hulimeza joto la jua na kulitoa polepole. Kwa hiyo theluji inayolizunguka shina huyeyuka kwanza, na kila mti hubaki umesimama ndani ya kishimo chake, kama mtu aliyefungwa shuka kiunoni. Nilipotazama kutoka dirishani niliona miti yote ya ua ule ina vishimo hivyo, na theluji ya uwanjani bado haijaguswa.

Dalili ya tatu iko ndani ya miti hiyohiyo. Kuna miti iitwayo mepo. Mchana ukipanda juu ya sifuri na usiku ukishuka chini yake, utomvu wa miti hiyo huanza kutembea. Watu hutoboa tundu dogo kwenye shina na kutundika ndoo. Kinachodondoka ni maji meupe yenye utamu wa mbali. Huchemshwa kwa saa nyingi mpaka yawe kama asali, na inahitajika takriban lita 40 za utomvu ili kupata lita 1 ya asali hiyo. Kazi hii haikuletwa na wazungu. Wenyeji wa asili wa nchi hiyo, wakiwamo watu wa taifa la Ho-Chunk ambao maziwa hayo yalikuwa yao, waliifahamu tangu kale. Machipukizi yakifunguka utomvu huharibika ladha, na hapo kazi huisha. Kwa hiyo kipindi chote cha asali ya mti kimo katika hizo wiki chache za baridi kuaga na kurudi.

Halafu huja ndege. Mwezi Machi ukianza, hufika ndege weusi wenye mabega mekundu, wakatua kwenye matete ya ukingoni na kupiga kelele kana kwamba wana hati ya kiwanja. Bata bukini hupita juu kwa makundi. Korongo wa kijivu hurudi kutoka kusini, na sauti yao husikika kabla hujawaona. Baada yao huja harufu. Mtu aliyeishi miezi mitatu bila kunusa udongo hujikuta amesimama mlangoni, akivuta pumzi. Na baada ya harufu huja matope, na mashimo barabarani, kwa kuwa maji huingia kwenye nyufa za lami, huganda usiku, hutanuka na kuipasua.

Lakini, ndugu wasikilizaji, dalili iliyo kubwa kuliko zote ni ya ziwa lenyewe, na hapo ndipo penye hatari. Katikati ya baridi ziwa hupiga kelele. Usiku wa baridi kali barafu husinyaa na kupasuka, ikatoa mlio wa kuogofya, kama ngoma kubwa inayopigwa chini ya ardhi. Mgeni hudhani ziwa linavunjika, kumbe huo mara nyingi ni mlio wa barafu yenye afya. Kinachotakiwa kumtia mtu wasiwasi ni ukimya wa Machi. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Barafu huacha kulia, huacha kuwa nyeupe, ikawa ya kijivu, na hatimaye nyeusi. Ukingoni hutokea mstari wa maji, kwanza upana wa kiganja, kisha wa hatua moja. Mahali kijito kinapoingilia, maji huonekana mapema zaidi.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa Tanga. Chumba chake kilikuwa ng'ambo ya ghuba. Kwa barabara ilimchukua karibu saa nzima kutembea hadi kwa Bibi. Kwa kukata juu ya barafu ilikuwa dakika ishirini. Tangu Januari alikuwa akikata, kama walivyofanya mamia ya watu wengine, wala hapakuwa na kosa lolote katika hilo. Jumapili moja katikati ya Machi jua liliwaka hata watu wakatoka nje na mashati. Tulikula, tukaongea habari za nyumbani, na saa ya kuondoka ilipofika akavaa viatu vyake na kuelekea upande wa ziwani.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "leo utazunguka."

"Lakini Bibi, barafu ina zaidi ya futi moja. Jana nimewaona wavuvi wakiitoboa kwa kekee. Nimeona kwa macho yangu."

Bibi hakubishana naye. Alichukua mtaimbo uliokuwa umesimamishwa nyuma ya mlango, akatuongoza hadi ukingoni. Hapo palikuwa na vipande vya barafu vilivyosukumwa nchi kavu na upepo. Akamwambia ainue kimoja. Kilikuwa kinene kuliko tofali. Akampa mtaimbo, akamwambia akiguse tu, asikipige kwa nguvu. Kijana alikigusa. Kile kipande hakikupasuka kama jiwe. Kilimwagika. Kilianguka chini kikawa rundo la vijiti virefu vinavyong'aa, kila kimoja kama mshumaa, vikilia kama glasi zinazogongana.

"Unene upo," Bibi akasema, "kinachovishikanisha ndicho hakipo."

Kijana alivitazama vile vijiti kwa muda, kisha akanigeukia. "Kaka," akaniambia kwa Kiswahili, "mimi nimepita hapa Jumapili iliyopita." Hakuongeza neno. Alizunguka kwa barabara.

Maelezo yake ya kisayansi ni haya. Barafu ya ziwa imefanyika kwa punje ndefu zilizosimama wima, zimebanana kama magunia ghalani. Jua la Machi hupenya ndani yake, na kinachoyeyuka kwanza ni pale punje zinapokutana. Kwa hiyo barafu huoza kutoka ndani, hali kwa juu ikionekana ni ileile. Kipimo cha unene, ambacho Januari ni mwalimu mzuri, mwezi Machi hugeuka kuwa mwongo. Idara ya maliasili ya jimbo jirani la Minnesota hushauri mtu asitembee juu ya barafu isiyofikia inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, na hapo husema wazi kwamba ni barafu mpya, safi na ngumu. Barafu nyeupe iliyochanganyika na theluji ina nguvu ya nusu tu, kwa hiyo unene huo uzidishwe mara mbili. Na barafu iliyokwisha kuanza kuoza haina kipimo cha kutegemewa.

Mamlaka za serikali nazo zina dalili zao. Wisconsin huweka tarehe za mwisho ambazo kila mwenye kibanda cha kuvulia lazima awe amekiondoa ziwani, na kwa maziwa ya kusini mwa jimbo tarehe hiyo huangukia mapema mwezi Machi. Ukiona vibanda vinaburutwa kurudi nchi kavu, hiyo nayo ni habari.

Zamani mtu angeweza kusema mambo haya yanajulikana, babu alimfundisha baba na baba akamfundisha mtoto. Shida ya siku hizi ni kwamba babu alifundisha kwa kalenda ambayo imebadilika. Hilo tunalijua kwa sababu ya watu wenye subira, ambao kazi yao ilikuwa kuandika tarehe.

Kumbukumbu za kuganda na kufunguka kwa Ziwa Mendota zimewekwa tangu miaka ya 1850. Desturi ya kuamua kama ziwa limefunguka ni rahisi: je, mashua yaweza kupita kutoka rasi ya Picnic Point hadi Maple Bluff bila kuzuiwa na barafu? Kwa kipimo hicho, majira ya baridi ya 1880 na 1881 ziwa lilikaa limefungwa siku 161. Majira ya 2001 na 2002 lilifungwa siku 21 tu. Hiyo ni miaka ya kupindukia, lakini hata wastani umeshuka. Katikati ya karne ya 19 barafu ilikaa kama miezi minne. Katika miongo ya karibuni hukaa kama mitatu au pungufu. Karibu mwezi mzima wa barafu umekwisha kupotea.

Wala si Mendota peke yake. Mwaka 2000 Profesa John Magnuson wa chuo kikuu cha huko, pamoja na wenzake wa nchi mbalimbali, walitoa hesabu ya maziwa na mito ya kaskazini mwa dunia kwa miaka 150, tangu 1846 hadi 1995. Waliona kwamba kwa kila miaka 100 maji yamechelewa kuganda kwa siku 5.8, na yamewahi kufunguka kwa siku 6.5. Miongoni mwa kumbukumbu walizotumia zilikuwamo za Ziwa Suwa nchini Japani, ambako makuhani wa dini ya Shinto wameandika habari za barafu tangu mwaka 1443. Ilikuwamo pia ya Mto Torne, mpakani mwa Ufini na Uswidi, iliyoanza mwaka 1693. Watu hao hawakuwa wakitafuta mabadiliko ya hali ya hewa. Makuhani walikuwa katika ibada yao, na wenye mto walitaka kujua siku ya kuanza kupita kwa mashua. Lakini daftari zao leo ni ushahidi ambao hakuna chombo cha kisasa kingeweza kuutengeneza baada ya wakati kupita.

Wisconsin ina mfano mwingine ninaoupenda zaidi. Aldo Leopold, profesa wa chuo kikuu hichohicho, alinunua mwaka 1935 shamba lililochoka karibu na mji wa Baraboo, akawa anaandika kila mwaka siku ya kurudi kwa bata bukini, siku ya kuchanua kwa ua fulani, na mengine kama hayo. Alifariki mwaka 1948 akisaidia kuzima moto wa nyasi katika shamba la jirani. Mwaka 1976 binti yake, Nina Leopold Bradley, aliianza tena kazi ile mahali palepale. Mwaka 1999 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya mambo 55 waliyoyafuatilia katika kipindi cha miaka 61. Kwa wastani, mambo hayo yalikuwa yakitangulia kwa sehemu 0.12 ya siku kila mwaka. Inaonekana kidogo, lakini kwa miaka yote hiyo ni kama wiki nzima. Na si yote yaliyosogea. Viumbe wanaofuata joto walitangulia, lakini wanaofuata urefu wa mchana walibaki na tarehe zao za zamani.

Hapo, ndugu wasikilizaji, naomba tutulie kidogo. Maana yake ni kwamba zile dalili, ambazo zamani zilikuja pamoja kama mashahidi wanaokubaliana, sasa zimeanza kupishana. Mtu anayengojea dalili aliyoizoea huenda akaiona baada ya barafu kuwa imeoza. Na matokeo yake yamepimwa. Mwaka 2020 watafiti walioongozwa na Sapna Sharma wa Kanada walichapisha uchunguzi wa vifo zaidi ya 4,000 vya watu waliozama majira ya baridi katika nchi 10. Waliona kwamba vifo huwa vingi zaidi pale ambapo wastani wa joto la majira hayo uko kati ya nyuzi 5 chini ya sifuri na sifuri yenyewe. Baridi kali haiui watu wengi ziwani, kwa kuwa barafu ni ngumu. Joto nalo likiwa la kutosha haliui kwa njia hiyo, kwa kuwa hakuna barafu ya kukanyaga. Kinachoua ni hali ya katikati, pale ambapo barafu ipo lakini haipo.

Ndiyo sababu nimeona vema kuyasema haya kwenu, ingawa hapa mjini barafu tunayoijua ni ya jokofuni. Leo hakuna mtaa ambao hauna mtoto huko kaskazini. Wako wanafunzi Marekani na Kanada. Ziko familia za wenzetu kutoka Kongo, wasemaji wa Kiswahili, zilizopewa makazi katika majimbo na nchi za barafu baada ya miaka mingi kambini. Mtoto aliyezaliwa kando ya Ziwa Tanganyika anajua mawimbi, anajua upepo, wala haogopi ziwa. Lakini ziwa linalogeuka kuwa uwanja na tena kuwa maji hajafundishwa na mtu yeyote. Hujifunza kwa kutazama wenzake, na wenzake aliowatazama Januari walikuwa na haki ya kupita.

Kwa hiyo nitasema pia yale ambayo Bibi alitufundisha jioni ile, na ambayo waokoaji wa huko hufundisha. Mtu akitumbukia, baridi humkata pumzi, na dakika ya kwanza ni ya kujizuia asivute maji na kutulia. Baada ya hapo ana dakika chache ambazo mikono bado inamtii. Ageukie upande aliotoka, kwa sababu barafu ya huko ilikuwa imembeba. Aweke mikono juu ya barafu, apige miguu kama anayeogelea hadi kifua kipande, kisha abingirike kwenda mbali, asisimame. Naye anayemwona mwenzake amezama asimkimbilie, kwa maana barafu iliyomshinda mmoja haitawabeba wawili. Apige kelele, aite waokoaji, arushe kamba, fito au hata skafu.

Mkitaka kujua mwisho wa Mendota mwaka ule, ulikuja siku ya nne baada ya Jumapili ile. Usiku upepo ulivuma kutoka kusini. Tulisikia mlio mwembamba usiokatika, kama maelfu ya glasi zinazosukumwa mezani. Ilikuwa ile mishumaa ya barafu ikirundikwa ufukweni. Kulipopambazuka katikati ya ghuba palikuwa na mawimbi, na jioni yake hapakuwa na mahali pa kuweka mguu. Majirani walitoka nje, wakasimama na vikombe vya kahawa wakitazama maji. Bibi aliingia ndani, akafungua daftari la zamani lenye jalada la kitambaa, akaandika tarehe chini ya tarehe nyingine nyingi. Alikuwa ameliandika tangu alipoolewa na kuhamia nyumba ile.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi huutumia msemo huo kwa fedha za duka, lakini majira nayo ni mali. Ni wangapi kati yetu wanaoweza kusema, kwa tarehe, mvua za vuli zilianza siku gani mwaka juzi mtaani kwao? Tunasema tu kwamba siku hizi hali ya hewa imeharibika. Daftari la shule halina bei kubwa, na kuandika mstari mmoja hakuhitaji digrii.

Hilo ni la nyumbani. La huko kaskazini ni hili. Mkimpigia simu mtoto au ndugu yenu aliyeko kwenye nchi za barafu, mkishamaliza habari za masomo, za kazi na za afya, na ikiwa ni mwezi Machi, mwulizeni na jambo moja zaidi: siku hizi anapita njia gani kwenda nyumbani? Akiwaambia anakata ziwani, mwambieni azunguke.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo.